Kikapu cha Esther

Ukindu uliolowekwa majini unanuka kama paka aliyenyeshewa. Juzi harufu hiyo ilinipata kwenye duka la mapambo pale barabara ya Chaussée d'Ixelles, hapa Brussels, wanapouza vikapu kwa watu wasio na cha kuweka ndani, nikamkumbuka Madame. Hasira zikanipanda mbele ya muuzaji. Ngoja niwasimulie.

Madame alikuwa mjane wa Kibelgiji aliyeishi Bukavu, Kongo, enzi za ukoloni. Kila Jumamosi, katika ukumbi wa parokia huko Evere, alitufundisha kusuka vikapu vya asili yetu, mimi, Esther na Gloire, wasichana watatu wa jengo moja. Wazazi wetu walitoka Kivu; sisi tulizaliwa hapahapa. Huo ukindu wa asili aliununua kwenye duka la maua. Kiswahili alikijua pia, na alijivunia sana, ingawa ukikisikiliza vizuri kilikuwa cha kumtuma mpishi: leta, osha, ngoja.

Hata hivyo, kazi yenyewe ilitunogea. Siku moja Esther, mwenye mikono myepesi kuliko sisi, alikuja na kamba za plastiki za kufungia maboksi, za buluu na za njano, alizookota nyuma ya duka la mtaani kwetu. Akazipenyeza katikati ya ukindu. Tukabishana, tukafumua, tukasuka tena, mpaka likatokea umbo ambalo hatukufundishwa na mtu, mistari ya kupanda na kushuka kama ngazi za jengo letu. Tulicheka bila sababu. Kabla ya hapo nilidhani vitu vizuri hutengenezwa na watu wengine. Kikapu tukakubaliana ni cha Esther, maana wazo lilikuwa lake, naye alitaka jambo moja tu: kiwekwe mezani siku ya maonyesho ya vikapu vyetu, mama yake akione.

Madame alikinyanyua kwa vidole viwili, kama soksi chafu.

"Hii si ya kwenu," akasema. "Fumua."

Esther hakuwa mjeuri. Alitaka kujua kweli. "Donc, Madame, kwetu ni wapi?"

Madame alichukua mkasi wa jikoni, akazikata zile kamba zote. Kisha akatuambia tufagie.

Siku ya maonyesho meza ilijaa vikapu vya rangi moja, na wazee wenzake wa Bukavu ile ya zamani wakavipapasa huku machozi yakiwalengalenga. Mama yake Esther alipiga makofi kwa adabu, asijue anapigia nini. Sisi hatukurudi tena ukumbini. Mama yangu alinigombeza kwa kumkosea mtu anayetupenda: "Ule maman anabapendaka, bon, mwende mumuombe pardon." Hatukwenda kumwomba radhi.

Watu huniambia nimhurumie, alikuwa mpweke, aliukumbuka ujana wake. Aukumbuke basi, lakini si kwa mikono yetu. Alichokipenda ni Bukavu yenye watumishi, na sisi tulimharibia kwa kuzaliwa Evere. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba Esther alikuwa ameshalijibu swali lake mwenyewe, nusu ukindu, nusu kamba za dukani, na jibu hilo ndilo lililokatwa mbele ya macho yetu. Mtu mzima na mkasi wake alimwogopa mtoto.

Esther hajasuka kitu tena. Nikimuuliza, anasema hana muda.