Niliahidi Binti Yangu Atabaki, Bila Kumuuliza

Naomba ukurasa usinitaje, maana kambini tunajuana hata kwa kikohozi. Nina miaka sabini na mmoja. Nilikuwa mwalimu Nyamitaba. Tangu vita vitutoe huko nimehama hadi nimeacha kuhesabu, na sasa niko upande wa Kitshanga, chini ya turubai.

Binti yangu wa mwisho ni muuguzi. Ndiye anayezalisha akina mama wa kambi hii. Juzi alipata barua: amekubaliwa kuendelea na chuo kikuu, asome afya ya umma, mbali na hapa. Nilifurahi, nikidhani atarudi daktari. Akacheka.

"Hapana, Papa. Sitagusa tena mugonjwa. Nataka kujifunza budget ya afya, namna serikali inagawanyaka dawa."

Kabla sijalimeza hilo, akina mama walikuwa wamelisikia. Jirani alisimama mlangoni, mtoto mgongoni. "Papa, unatuma muzalishaji wetu akashike karatasi? Karatasi njo itakata kitovu?" Wenzake wakacheka. Mmoja, mwenye mimba kubwa, hakucheka. Nilimtazama yeye, nikasema mbele ya wazee wawili: "Haendi popote." Kwetu neno la mzee likishasikiwa na wazee wenzake, kulirudisha ni aibu.

Binti hakubishana. Alimaliza kuosha sufuria, akakaa karibu yangu.

"Papa, siku mama alikufa, munganga wa hospitali hakukuwa?"

"Alikuwa."

"Alimukimbia?"

"Hakumkimbia. Alilia pamoja nasi."

"Sasa nini njo ilikosa?"

Nilimwambia ukweli. Ilikosekana dawa ya kuzuia damu isitoke, na haikuwa imekosekana siku ile tu.

"Basi kuko muntu mu bureau fulani mwenye hakuandika jina ya kwetu ku liste ya dawa. Mie nataka kuikala pale penye wanaandika."

Kwetu mtoto haanzi safari ndefu kabla baba hajamnyunyizia maji kifuani na kutaja jina la babu yake. Gari lake ni Jumamosi, na amesema bila maji hayo hapandi. Hanisukumi. Kila asubuhi ananisalimu kama kawaida, kisha anaenda maternité kuzalisha. Afadhali angenigombeza.

Nimechoka kuhama, nimechoka kuzika. Ninajiambia nilisema "haendi" kwa ajili ya akina mama. Lakini kwenu sitadanganya: niliogopa pia kubaki peke yangu chini ya turubai hili, nikampa yule mwenye mimba hofu yangu aibebe.

Ninyi mliozaa na mliozika, nishaurini. Nikimnyima baraka, atabaki, najua, na hatanilaumu. Nikimbariki, nani atampokea mtoto wa yule mama, nami nitamwambia nini akija mlangoni? Nifanye nini kabla ya Jumamosi?