Madereva Wasio na Vichwa

Mwari hatoki. Ndivyo nilivyoambiwa nilipowekwa ndani, katika nyumba yetu ya Ngamiani, na ndivyo ilivyokuwa mpaka nilipoolewa, miaka yangu ishirini imeshatimia. Ukumbini hadi uani, uani hadi jikoni, basi. Miguu iliniwasha. Bibi aliyenilea alikuwa akisema nitaitoboa sakafu.

Aliyeniokoa ni mjomba, mpakuzi wa mizigo bandarini. Siku moja baharia mmoja alimpa kigari cha chuma, kirefu kama kidole changu cha kati, akaniletea.

"Magari haya ni ya mashindano," alisema. "Huko Ulaya hukimbizwa mchana kutwa na usiku kucha. Hayalali."

Hayalali! Nikamganda mjomba kama ruba: kila meli ikitia nanga, nami nataka changu. Mwishowe nikawa na safu nzima juu ya kabati: cha kijani cha Waingereza, vyekundu vya Waitaliano, cha fedha cha Wajerumani. Kila kimoja kilikuwa na namba ubavuni na dereva wake ndani, mdogo kama punje ya mpunga, kofia nyeupe, macho nukta mbili zikitazama mbele. Nilimpenda wa kijani kuliko wote. Alasiri nililala kifudifudi uani nikimsukuma kutoka kwenye kinu hadi mlango wa nyuma, kisha nikamgeuza kwa hasira, maana mlango ulikuwa na komeo.

Bibi hakuwa na neno, mpaka siku alipojaribu miwani ya mjomba akavitazama kwa karibu.

"Hee! Kumbe mna watu humu! Mke mwenzangu, umetujazia sanamu nyumbani? Malaika watapita wapi? Vitoke leo hii."

"Vikitoka, na mimi natoka!"

Neno hilo mwari halisemi. Bibi alikaa kitako, mkono kifuani, nami nikaogopa mdomo wangu mwenyewe. Mjomba akaenda kumuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, akarudi na jibu: sanamu ikiondolewa kichwa si sanamu tena.

"Basi," alisema bibi, akinipa koleo. "Kata mwenyewe."

Nikakata. Vichwa vilikuwa vya madini ya risasi, laini, havikuhitaji nguvu. Wa kijani nilimweka mwisho, nikamwomba radhi kwanza. Mjomba akatania kwamba sasa magari yote yataishia mtaroni. Sikucheka. Niliumia kama niliyemkata mtu.

Nikaposwa na mtu wa Kigombe. Kusema kweli sikumuwaza mume. Niliwaza gari la kukodi litakalonipeleka. Gari la kweli, barabara ya kweli, na mimi ndani yake! Usiku wa kuamkia siku ya kupelekwa sikupata usingizi kwa furaha.

Asubuhi wakanifunika kanga gubigubi, na juu ya kanga buibui, maana biarusi haonekani wala hatazami. Injini ikanguruma. Nilisikia harufu ya petroli, kisha ya mkonge, kisha vumbi. Nikainua pembe ya kanga kidogo. Bibi, aliyekaa kando yangu, akaishusha.

"Tumefika wapi?"

"Tulia, mke mwenzangu. Utaona ukifika."

Kigari cha kijani kilikuwa kiganjani mwangu. Nikampapasa dereva wangu shingoni, pale nilipomkata, mpaka Kigombe.