Mjukuu wa Mbeba Matofali

Izzatulla Niyozov alifundisha historia sekondari miaka kumi na minane, kisha akawatembeza wageni mjini Bukhara miaka ishirini na miwili, na katika muda wote huo hakumwambia mgeni hata mmoja kwamba Chingizi Khan aliinama kuokota kofia yake chini ya mnara mkubwa. Waongozaji wenzake walikisema kisa hicho kila siku kwa sababu wageni wanakipenda. Yeye alisema hajaona ushahidi wake, nao wakamwona mzee mkavu. Hakujali.

Kisa kimoja tu alikisimulia bila karatasi ya kukithibitisha, nacho kilikuwa cha nyumbani kwao. Mizinga ya vita vya mwaka 1920 ilipoujeruhi mnara, babu yake Niyozqul alikuwa miongoni mwa vijana waliopandisha matofali ya kuuziba. Aliyabeba mgongoni, ngazi mia na tano za kuzunguka gizani, mpaka nyonga ikamtoka akachechemea hadi kufa. Jina lake halikuandikwa popote. Liliishi kinywani mwa mjukuu wake, pale uwanjani, mbele ya watu waliotazama juu kimya.

Odilbek alijifunza kazi kwake kwa miaka minne. Kwa desturi ya pale, mwanagenzi haondoki kwa mwalimu wake mpaka afungwe mshipi kiunoni na kuombewa dua mbele ya watu. Odilbek aliondoka bila mshipi. Alikwenda kwa mwenye kampuni ya utalii akamwambia kwamba mzee amechoka, anasahau tarehe, anawakoholea Wajerumani. Mwezi uleule makundi yote ya Izzatulla yakawa yake.

Hilo Izzatulla angelimeza. Lakini asubuhi moja, akiwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti, alimsikia Odilbek akiwaambia Wafaransa kwa sauti ya majonzi, "Babu yangu, Niyozqul, alipanda ngazi hizi." Hata jina hakulibadilisha. Mama mmoja alifuta machozi.

Nyumbani pilau ikapoa mbele yake.

"Nenda kamchape kofi, kisha urudi ule," mkewe alimwambia.

"Kofi litamwasha siku moja tu, Mama Zebo."

Alingoja miaka miwili. Kisha idara ya utalii ikatangaza kwamba waongozaji wote watafanyiwa mtihani wa leseni, wakitembea na kusimulia mbele ya watahini watatu, na mmoja wao ikataka awe mwongozaji wa zamani. Ikamchagua Izzatulla, naye akapiga pasi koti lake.

Juma moja kabla ya mtihani Odilbek alibisha mlangoni, amebeba mikate miwili na kitambaa cha hariri.

"Mwalimu, nimekuja kuomba radhi. Na mshipi wangu."

"Mshipi au leseni?"

"Nina watoto wawili, mwalimu."

"Na mimi nilikuwa na babu mmoja. Ukamchukua."

Odilbek aliinamisha kichwa. "Nilijaribu kusema ni babu wa mwalimu wangu. Hawalii. Nikisema ni wangu, wanalia."

"Kwa hiyo ukamfukua ili upate machozi ya Wafaransa."

"Nitukane, mwalimu. Nipige. Lakini mkate wa wanangu usiuguse."

"Kaa unywe chai," alisema Izzatulla, akammiminia mpaka ukingoni. Kwao mgeni anayependwa hutiliwa chai kidogo, ili aongezwe tena na tena. Bakuli lililojaa maana yake kunywa uondoke. Odilbek alilitazama, akasimama bila kuligusa. Mikate yake akaikuta imerudishwa nje kizingitini, imefungwa vilevile ndani ya kitambaa.

Siku ya mtihani walikuwa waongozaji kumi na wawili, wakifuatana uwanja hadi uwanja. Odilbek aliwashinda wote kwa tarehe na kwa sauti. Alipofika chini ya mnara alisema yaliyomo vitabuni, akageuka aendelee.

"Umeruka kisa," alisema Izzatulla. "Cha mbeba matofali. Wageni wako hukisikia kila siku. Alikuwa babu wa nani?"

Odilbek alitazama viatu vyake. "Babu yako, mwalimu."

"Wenzako hawajasikia."

"Babu yake mwalimu."

"Si wako?"

"Si wangu."

"Inatosha, kaka Izzatulla," alisema Dilorom, mwenyekiti wa watahini.

"Haitoshi. Aseme tena, akiwatazama."

Akasema tena, akiwatazama, na masikio yamemwiva. Izzatulla akaandika neno moja kwenye fomu: Hafai. Dilorom hakuipinga fomu hiyo. Mwongo hapewi leseni. Tangu hapo Odilbek anaendesha teksi ya kwenda stesheni.

Watu walisema mzee amezidi. Hakuzidi. Mtu ambaye hakuacha kaburi la maana wala karatasi, akiibiwa jina lake amemalizwa kabisa, na mwizi wake haponywi na mikate miwili.

Lakini waongozaji wengine waliogopa. Hakuna aliyethubutu tena kumtaja mbeba matofali. Wanapofika mnarani hutaja urefu wake na kuwaharakisha wageni kwenda sokoni.

"Sasa nani anamtaja babu?" Mama Zebo aliuliza.

"Mimi."

"Kwa nani? Mimi kisa hicho nimekisikia tangu wiki ya harusi."

Asubuhi iliyofuata Izzatulla alikwenda mwenyewe uwanjani. Vijana wawili wa kigeni, mtu na mchumba wake, walimpa simu awapige picha. Akawapiga. Kisha akaanza kuwasimulia, taratibu, kwa mpangilio, kama alivyofundisha darasani. Waliitikia kwa vichwa kwa adabu huku wakiitazama picha. Kabla babu hajafika ngazi ya kumi, walishukuru wakaondoka.

Odilbek angewaliza. Izzatulla alilijua hilo, likamchoma. Alikaa nalo kwenye kivuli cha ukuta mpaka kivuli kikahama, na kama angepewa fomu ile tena, angeandika neno lilelile.