Babu Waya na Amri Mbili

Babu yangu wanamwita Waya, maana hata akienda msibani hakosi kipande cha waya mfukoni. Anatunza kompyuta za maabara ya hospitali, na mama yangu, bintiye, anafanya kazi naye chumba hicho hicho. Mimi hufagia humo. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo naeleza nilivyoona.

Wiki ile programu ya kuchapa lebo za chupa za damu ilikuwa inaganda. Babu akafungua chombo chake cha upelelezi, kinachoonyesha kila kitu ambacho programu inaiomba kompyuta. Maombi humiminika kama mvua, ndiyo maana unakiambia kikuonyeshe aina unazotaka tu. Babu akaandika amri ya mafaili, ikafuata ya mtandao. Yakatoka ya mtandao peke yake. Akarudia. Vilevile.

Akaamini amesahau kuiandika ile ya kwanza. Marehemu kaka yake alianza hivyo, kusahau alichofanya sasa hivi, mpaka akawa hamjui mkewe. Wakati wa chai babu alivua ufunguo wa maabara shingoni, akautundika kwenye msumari ulio juu ya meza ya mama. Akasema akili imeaga, afadhali aondoke kabla hajaharibu damu za watu.

Mama hakumbembeleza. Alimwomba aandike tena, polepole, yeye akitazama vidole. Amri zote mbili ziliandikwa, yakatoka ya mtandao. Mama akazibadilisha nafasi, mtandao kwanza, mafaili mwisho. Yakatoka ya mafaili.

"Baba, hujasahau kitu," alisema. "Chombo hiki ukikiambia mara mbili kinashika la mwisho, la kwanza kinatupa."

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe. Hata mimi ningedhani kinajumlisha."

Babu alicheka mpaka akakohoa, akasema kumbe kina tabia za mjukuu wake: mtume chumvi na sabuni, anarudi na sabuni. Kesi hiyo ninayo.

Wakaziweka aina zote mbili katika amri moja, alama ya mkato katikati, na likajulikana faili ambalo programu ilikuwa inalitafuta bila kulipata. Babu akalirudisha, lebo zikaanza kutoka.

Maelezo ya chombo hayakulisema jambo hilo waziwazi, basi babu akaongeza yake kwenye ukurasa wa mafundi: "Ukirudia amri hii, ya mwisho hufuta ya kwanza. Ukitaka aina zote, ziandike pamoja. Usiogope, akili yako ni nzima."

Mama alisema sentensi ya mwisho haiandikwi kwenye maelezo ya mashine. Babu akautoa ufunguo msumarini, akauvaa, akasema hiyo ndiyo yenyewe.

Ikabaki.