Maji ya Cimpunda Katika Chupa ya Bia

Miaka ile ya Zaïre nilifanya kazi katika maabara ya maji, Bukavu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kupiga mistari. Nilijivunia sana mistari yangu.

Kila wiki chupa za maji zilitufikia kutoka vituo vyote, kuanzia vijito vya Mudaka hadi Ruzizi kule Luvungi. Tulimimina maji kidogo katika visahani, tukasubiri vijidudu viote, tukahesabu vidoa. Hesabu ziliingia katika rejista kubwa, na humo nilitoa wastani mmoja wa bonde zima la Ruzizi, ukapelekwa Kinshasa. Mkubwa wangu, mtu wa kuvaa abacost, ile suti ya enzi za Mobutu isiyo na tai, hata jua likiwaka, alipenda wastani uliotulia. Hesabu iliyoruka juu kuliko nyingine iliitwa kosa, na kosa nililipiga mstari mwekundu kwa rula.

Chupa za maabara zilikuwa zimevunjika moja moja, na mpya hazikuwa zikija. Zilizobaki tulizipeleka vituo vya mbali. Cimpunda, kwa kuwa ni hapa hapa mjini, tulisema watumie chupa ya bia.

Maji ya chemchemi ya Cimpunda yaliletwa na mama mmoja mjane. Tulimchagua kwa sababu alikuwa na saa ya mkono, ya kuandikia wakati wa kuteka. Aliishi hatua chache juu ya chemchemi, yeye na mjukuu wake wa miaka minne, na maji yao ya kunywa yalikuwa hayo hayo.

Mvua zilipoanza, visahani vya Cimpunda vilijaa vidoa. Amri ilikuwa wazi: hesabu mbaya wiki tatu mfululizo, komini, yaani serikali ya mtaa, inafunga chemchemi na kuleta maji kwa lori. Niliinusa ile chupa ya bia, nikacheka kwamba uchafu ni wake, nikachukua rula.

Wiki iliyofuata yule mama aliniuliza mlangoni.

"Papa, batoto ba kwetu banaharisha. Uliandika kama ile maji iko mubaya?"

"Maman, ubaya iko mu chupa yako. Uoshe muzuri."

"Niliosha mara tatu, na maji ya moto."

"Basi uosheke mara ine."

Naona haya kuliandika jibu hilo, lakini ndilo nililompa. Alikwenda akaosha mara nne. Kabatini palikuwa na chupa moja safi ya maabara, iliyongoja kupelekwa Luvungi, na kupanda Cimpunda ni mwendo wa nusu saa. Sikwenda. Kulikuwa na matope na nilikuwa nimevaa viatu vipya.

Nilipiga mstari wa pili, kisha wa tatu. Mkubwa wangu aliinamia rejista, akaniita raia kama ilivyokuwa desturi ya enzi hizo: "Muzuri, citoyen. Bonde iko sawa." Nikarudi nyumbani nimefurahi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila mimi nilikuwa naficha maradhi ya watu wengine.

Wiki ya nne yule mama hakuja. Ya tano alikuja amenyoa kichwa. Mkononi alishika chupa nene ya kioo yenye kizibo cha mpira, chupa ya serumu, kama zile wanazotundika juu ya kitanda cha mgonjwa. Nilielewa kabla hajafungua mdomo.

"Ni ya hospitali," alisema. "Ilikuwa ya mujukuu wangu, siku ya mwisho. Balisema iko safi kabisa. Nimetia ile maji ya kwetu. Sasa utaandika?"

Nilisema nitaandika. Nilimimina yale maji katika kisahani na kumwambia arudi kesho.

Kesho yake nilimkuta ameketi kwenye benchi la nje tangu asubuhi, saa yake mkononi. Niliingia nikahesabu vidoa, nikarudia kuhesabu. Idadi ilikuwa ileile ya chupa ya bia; chupa haikuwa na kosa. Niliiandika kwa kalamu nyeusi, nikaiweka rula mezani, kisha nikabaki nimeketi, kwa maana ilinibidi nitoke nje nikamwambie.