Mhojiwa wa Kumi na Moja

Wifi yangu, mke wa kaka, hakai. Chai anainywa amesimama, simu anaongea huku akiizunguka meza, na wanafunzi wake wa ustawi wa jamii chuoni wamembatiza Miguu Moto. Juzi alizidisha. Alifika kwangu asubuhi, akakaa, akainuka, akafungua dirisha, akalifunga.

"Wifi, wamenigomea!"

Waliomgomea ni wakazi wa mtaa wa nyuma ya soko. Kila mwaka huwapelekea wanafunzi na karatasi za maswali. Mwaka huu akaona wenyeji wenyewe ndio wachague la kuchunguza, kisha walichunguze bega kwa bega na wanafunzi. Lakini kikao hakijapamba moto, mama mmoja dobi akasimama. "Wewe nakukumbuka. Ulinihoji ulipokuwa binti wa chuo. Majibu yangu yako wapi? Yalete kwanza, ndipo tuongee." Mtaa mzima ukawa upande wake. Bila wao, darasa zima halina utafiti wa kumalizia masomo, na wifi hana uso wa kurudi pale.

Tukaenda maktaba ya chuo, mimi nikimfuata mbiombio. Tasnifu yake ya miaka kumi na tisa iliyopita ilikuwa rafu ya chini kabisa, vumbi tupu. Akasoma ukurasa mmoja, akaufunika. Akaenda hadi mlangoni, akarudi, akausoma tena. Nikachungulia: "Mhojiwa wa kumi na moja. Mwanamke, watoto wanne. Hana kazi."

"Alikuwa anafua muda wote tunaongea," wifi alisema. "Povu lilinirukia mpaka kwenye karatasi. Mimi nikatia alama kwenye kisanduku."

Nilimwonea huruma, na hasira pia zilinipanda. Hata hivyo nikamshauri auruke ukurasa ule atakapomsomea dobi. Akaichukua tasnifu nzima, akatangulia mlangoni.

Kesho yake tulimkuta dobi uani kwake, mikono ndani ya beseni, majirani wamejaa, wanafunzi wamebanana ukutani. Wifi alisoma kila neno la ukurasa ule. Alipofika kwenye "hana kazi", watu waliguna.

"Sina kazi?" dobi akauliza. "Na shati la huyo mwalimu aliyekupa maksi, alilifua nani?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Wifi hakucheka. Alisema, "Nisamehe, mama. Nilikuona, nikaandika nisichokiona."

Dobi akainuka, akamsogezea kigoda na beseni. "Kaa. Fua. Leo nauliza mimi."

Wifi yangu akakaa. Nilingoja ainuke, maana namjua. Shuka la kwanza likapita, la pili likapita, jasho linamtoka, hajainuka. Kwenye la tatu dobi akauliza, "Mgongo unasemaje?"

"Unauma, mama. Unauma sana."

Dobi akawageukia wanafunzi. "Andikeni hilo. Hapo ndipo tunaanzia."