Karibuni Vugiri, Ila Njia Mbaya

Aibu yangu nitaisema mwenyewe, maana nikimwachia Mama Hoza aisimulie ataongeza chumvi, na chumvi ya Mama Hoza haijawahi kuisha. Mimi ndiye bibi harusi aliyepika pilau ya harusi yake mwenyewe, akaiharibu, kisha akafumwa na mama mkwe jikoni, mwiko mkononi, hina haijakauka. Na yote yaliletwa na neno moja, tena neno zuri, tunalofundishwa tangu tunatambaa: karibu.

Enzi hizo za vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Vugiri, mlimani, nimepanga chumba kwa huyo Mama Hoza, Msambaa mwenye nyumba nzuri ya bati na ulimi mrefu kuliko bati lenyewe. Kwetu kulikuwa chini, Mazinde, kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge, ambako baba alifika kijana kutoka Tunduru, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda, na hakurudi tena kwao. Mama alishafariki. Ndugu hatukuwa nao, tulikuwa mimi na baba, basi. Mchumba wangu Mhina alikuwa Mzigua wa Handeni, na Mzigua wa Handeni ukitaka akutajie ndugu zake, kwanza vuta kigoda ukae. Mama yake, Bi Zaina, siku ya kwanza kuniona aliitikia shikamoo yangu vizuri kabisa, halafu akamgeukia mwanawe (si mimi, mwanawe!) akamwuliza, "Huyu ndugu zake ni kina nani?"

Mhina akajiumauma. Swali lile nililala nalo na kuamka nalo.

Ndipo nikapata akili yangu, kama ile ilikuwa akili. Harusi tusiifanyie Handeni, ambako ukoo wao ungejaza uwanja mzima huku upande wangu amekaa baba peke yake kwenye benchi kama mtu aliyeachwa na basi. Wala tusiifanyie Mazinde, Bi Zaina akaja kuona chumba kimoja nilichokulia. Tuifanyie Vugiri, ugenini kwa wote, harusi yetu sisi wawili, ya raha tu bila makeke: hewa ya baridi, maua ya Mama Hoza pale uani, sufuria moja ya pilau, chai ya maziwa, watu wake wanne, na wangu wanne (baba, Mama Hoza na walimu wenzangu wawili), mizani sawasawa. Mhina akakubali papo hapo. Alikuwa mtu wa kukubali, ndiyo maana nilimpenda.

Sasa tatizo likawa watu wa laini. Wale ndio walionilea baba akiwa shambani, kila nyumba nimekula, siwezi kuolewa wasikie kwa watu. Lakini nikiwaleta wote, Wamakonde, Wabena, Wahehe, na makelele yao na ngoma zao, si ndiyo Bi Zaina atapata jibu la swali lake? Nikafikiri: mtu akikupitia unakula, unamwambia karibu, naye anasema asante nimeshiba, kila mmoja anaendelea na safari yake, hakuna aliyeudhika. Nami nitawakaribisha hivyohivyo.

Nikashuka Mazinde kwa Mzee Likanga, balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye akijua yeye wamejua wote.

"Karibuni sana harusini, mzee," nikamwambia, "ila ni Vugiri, huko juu. Mlima wenyewe mkali, magari hayapandi hovyo. Mvua ikinyesha panateleza pale baada ya daraja la pili. Na baridi yake, mzee, inaingia mpaka kwenye mifupa."

"Baada ya daraja la pili," akarudia taratibu.

"Eeh. Wengi hushindwa."

"Na baridi."

"Baridi mbaya sana, mzee."

"Asante, mwanangu," akasema, na mimi nikaondoka mwepesi, nimeshakaribisha watu na hawaji.

Siku ikafika. Mimi mwali nimefungiwa chumbani, mikono imepakwa hina, ushungi kichwani, amri ya Mama Hoza ni kwamba nisitoke hata nyumba ikiungua. Bi Zaina alishafika na watu wake, wamekaa sebuleni na chai, na kupitia ufa wa mlango nikamwona baba upande wa pili, na koti lake la kuazima, hana la kuzungumza nao. Moyo ukaniuma. Nikajiambia si kitu, shehe yuko njiani, mchana huu mambo yataisha salama.

Ndipo nikasikia trekta.

Vugiri trekta la nini? Lilikuwa linanguruma huko chini, linapanda, linakaribia. Halafu likanyamaza ghafla, kimya kabisa. Nikasema alhamdulillahi (Mungu anisamehe), limekwama! Nikashusha pumzi. Pumzi haijaisha kutoka nikasikia wimbo, sauti nyingi, wanaume na wanawake, ule wimbo wa kubebea matita ya mkonge, ambao naujua tangu niko mgongoni. Kule sebuleni baba akasimama wima, koti likamkaa sawa kwa mara ya kwanza siku ile, akatoka nje bila kuaga.

Nikachungulia dirishani. Laini nzima ilikuwa inapanda mlima! Wazee, kina mama, watoto wa watu, wote wamejifunika magunia mabegani kwa sababu mimi mwenyewe niliwaambia kuna baridi. Na pilau ni sufuria moja!

Hapo akili ikaniruka. Mama Hoza alikuwa ametoka kushangaa na wenzake, jiko halina mtu, nikapita mlango wa nyuma, kanga nikaifunga kiunoni, ushungi nikaung'ata kwa meno usidondokee motoni, nikafunua sufuria. Pilau imeiva, imekaa vizuri, kila punje peke yake. Mtu mwenye akili angefunika akaondoka. Mimi nikamwaga birika zima la maji. Kuona maji yamezidi nikamwaga ungo wa chenga za mahindi alizotwanga Mama Hoza. Kuona chenga zimeganda chini nikaanza kukoroga, na nyie mnajua pilau haikorogwi, lakini nilikoroga kama nasonga ugali wa msiba, jasho na moshi na machozi pamoja, hina inashuka kwenye mwiko, kitu kile si pilau, si bokoboko, si uji, na rangi yake mpaka leo sijui niiiteje.

"Mwali ndiye mpishi?"

Nikageuka. Bi Zaina amesimama mlangoni, mkono kiunoni. Ushungi ukaniponyoka mdomoni. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, mwiko na yote.

Hata sijajibu, Mzee Likanga akatokea nyuma yake, gunia mabegani, matope mpaka magotini, meno yanagongana, ila anatabasamu. Akamwamkia Bi Zaina kwa heshima zote, na Bi Zaina akauliza lile swali lake, safari hii kwa wahusika wenyewe.

"Nyie ni kina nani?"

"Ndugu wa bibi harusi, mama."

"Upande wa mama au wa baba?"

Mzee Likanga akaweka gunia lake sawa. "Upande wa laini," akasema. "Mimi na baba yake tulishuka lori moja, siku tulipoletwa shambani. Alitualika mwenyewe, akatueleza na njia yote, wapi pakali, wapi panateleza. Nikawaambia kwenye mkutano, mtoto asiyetutaka angehangaika kutueleza njia? Shamba limetaifishwa, trekta lake sasa ni letu sote, tukalifunga tela, tukaja."

Nilitaka kulia. Nililia, kwa nini nifiche. Bi Zaina akatoka akasimama uani, akawaangalia wale watu mmoja mmoja, wanatetemeka ndani ya magunia, wengine wameshamzunguka baba wanampigapiga mgongoni pale pale palipopinda. Nikaona harusi imekufa. Kisha akarudi mlangoni.

"Mwali," akasema, "utasimama hivyo mpaka lini? Pakua. Ndugu zako wana baridi."

Nikapakua, na yeye akashika sahani. Tukafungiwa ndoa pale uani kwa sababu ndani hapakutosha, nina masizi usoni, na shehe alipoona kile chakula akasema amefunga. Watu wa laini walikula wakakomba sufuria. Ukoo wa Mhina wote sasa, chakula chochote kikiharibika jikoni, wanakiita pilau ya Vugiri, hata watoto waliozaliwa juzi.

Jioni wakati wa kuagana Mzee Likanga alinishika mkono. "Yote ulituambia, mwanangu," akasema, "ila ile kona ya mwisho hukuitaja. Ndipo trekta lilipokwama." Akaniangalia, akacheka kidogo, akashuka. Sijawahi kujua kama alikuwa anajua, na kumwuliza niliogopa mpaka tukamzika.

Tangu siku hiyo nimeapa, neno karibu halitoki kinywani mwangu kama maji ya kupikia hayajabandikwa jikoni. Na mwanangu wa kiume alipokuja kuniambia amepata mchumba, mashangazi wote walinigeukia waone nitauliza nini. Sikuuliza ndugu zake ni kina nani. Niliuliza tu, siku ya harusi, wakija, watakuja na trekta?